Maswali ya Wasomaji: Programu imebadilika, mwongozo umebaki ule ule

Safari hii maswali yamegusana karibu yote, watu wanaulizia zile programu za terminali zinazokutajia kilichomo ndani ya kompyuta, inxi, lshw, dmidecode, lspci na ndugu zao, na hasa upande wa maelezo, nani anayaandika na nani anayatunza. Nimefurahi kwa kweli, maana kazi hii huwa haiulizwi na mtu. Twende.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi na wenzangu tuna duka la laptopu used hapa Arusha, tumeandika kiprogramu chetu cha terminali kinasoma prosesa, RAM, diski na hali ya betri, tukakiweka wazi mtandaoni na sasa kinatumiwa na mafundi ambao hata hatuwajui. Shida ni ukurasa wa man, ule mwongozo unaofunguka ukiandika man na jina la programu. Kila tukiongeza kitu tunasema maelezo tutaandika wikendi, wikendi haifiki, na sasa watu wanatuuliza kuhusu swichi (yale maneno ya kuongezea mbele ya amri, kama -z) ambazo tulishaziondoa. Tuanzie wapi? *Msomaji, Arusha*

JIBU: Hongereni kwanza, kuweka kazi yenu wazi ili fundi wa mji mwingine afaidike ni jambo kubwa. Sasa anzeni kwa kufuta hiyo habari ya wikendi. Mabadiliko ya programu na mabadiliko ya maelezo yaingie pamoja siku hiyo hiyo, mtu akileta swichi mpya bila mstari wake kwenye man na kwenye --help (maelezo mafupi yanayotolewa na programu yenyewe) basi kazi yake haijaisha, msiipokee, hata akiwa ndiye mwanzilishi wa programu. Na swichi ikiondolewa msiifute kimya kimya, iacheni kwenye man kwa matoleo kadhaa na mseme imeondolewa toleo gani na badala yake mtu atumie ipi, kwa sababu skripti za watu bado zinaiita.

Macho peke yake hayatoshi, andikeni skripti ndogo inayochukua swichi zote zilizotajwa kwenye --help, inachukua na zile za kwenye ukurasa wa man, inalinganisha, zikitofautiana inagoma kutoa toleo jipya. Ni skripti fupi tu ila itawaokoa kuliko nidhamu ya mtu yeyote.

Lakini orodha ya swichi ndiyo sehemu rahisi. Kwenye programu za namna hii kazi yenyewe ni kueleza namba inayotoka ina maana gani na imetoka wapi, na hapa ndipo nataka mkae sana. Chukua betri. Programu inaandika "hali 77%", mteja anasoma, anaanza kubishana bei. Asilimia 77 ya nini? Kwenye Linux mara nyingi unasoma /sys/class/power_supply/BAT0, mle ndani kuna energy_full ambayo ni chaji inayoingia leo betri ikijaa, na energy_full_design ambayo ndiyo iliyokusudiwa kiwandani, kwa hiyo betri ya Wh (wati-saa) 50 inayojaa mpaka Wh 38.5 ni hiyo 77% yenu. Ila kuna mashine hazina hizo faili kabisa, zina charge_full na charge_full_design zinazohesabu kwa ampea na saa, na ukitaka kupata Wh lazima uzidishe na volteji. Kama programu yenu inafanya hivyo kimya kimya mtu hawezi kujua kwa nini laptopu mbili zinazofanana zinatoa namba tofauti kidogo. Mistari minne kwenye man inamaliza ubishi wote huo.

RAM nayo hivyo hivyo, mteja kanunua GB 8 anaona 7.6 anadhani kaibiwa, kumbe MemTotal kwenye /proc/meminfo ni RAM ambayo mfumo unaweza kuitumia baada ya kutoa iliyotengwa mapema, kwa mfano ile inayochukuliwa na grafiki za ndani ya prosesa. Diski ya GB 500 inaonekana 465 na ushei kwa sababu kiwanda kinahesabu kwa elfu na programu inahesabu kwa 1024. Semeni wazi kwenye man mnatumia kipimo kipi, GB (ya elfu) au GiB (ya 1024), na msichanganye viwili kwenye skrini moja.

Jambo jingine ni ruhusa. Kuna taarifa mtu wa kawaida hazioni, mfano /sys/class/dmi/id/product_name inasomeka na kila mtu lakini product_serial ni ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) peke yake, sasa fundi akiendesha bila sudo, amri ya kuazima ruhusa za root, anaona pengo anadhani mashine imefutwa namba. Hapa inxi wamefanya vizuri sana, mahali pa namba wanaandika kwamba inahitaji ruhusa za juu, na lshw ukiiendesha bila sudo inakuonya hapo hapo kwenye skrini. Onyo la namna hiyo nalo ni maelezo, tena linasomwa kuliko ukurasa wa man wenyewe, kwa hiyo kila taarifa inayodai root iandikwe sehemu zote mbili.

Mifano nayo ndiyo inayochakaa haraka kuliko kitu chochote. Mkiweka mfano wa matokeo kwenye man andikeni ni wa toleo namba ngapi, na kila toleo kubwa muuendeshe upya, msirekebishe kwa mkono. Na tafadhali sana msiweke mfano wenye siriali namba na anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya mashine ya mtu. Hili liandikwe na kwa watumiaji pia maana watu wanakopi kila kitu na kupesti kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram, inxi ina -z ya kuficha hizo namba, lshw ina -sanitize, na ya kwenu iwe nayo, itajwe juu kabisa kwenye maelezo na sio chini huko ambako hakuna anayefika.

SWALI: Mambo mwalimu. Nauza laptopu Luthuli Avenue Nairobi. Nimeendesha sudo dmidecode kwa desktopu moja nikapata serial namba imeandikwa "To Be Filled By O.E.M.", mteja akaona akasema hii ni feki, akaenda zake. Ni feki ama programu ndio mbovu? *Msomaji, Nairobi*

JIBU: Pole kwa biashara iliyokuponyoka bro. Si lazima iwe feki, na programu haina kosa. Dmidecode haichunguzi kifaa chenyewe, inasoma jedwali ambalo mtengenezaji kaliandika ndani ya BIOS (programu ya kuwashia mashine iliyomo kwenye madabodi) kwa kufuata kanuni zinazoitwa SMBIOS, sasa aliyetengeneza madabodi anaacha nafasi ijazwe na atakayeunga kompyuta nzima, huyo wa pili akipuuza yanabaki maneno yale yale ya kiwandani. Utayakuta sana kwa desktopu zilizoungwa na madabodi ya kununua peke yake, na kuna zingine zinaandika "Default string". Ingekuwa laptopu ya kampuni kubwa hapo ningekuwa na mashaka zaidi, maana huko namba huwa inajazwa na kibandiko cha chini kinapaswa kulingana nayo, kama hazilingani yawezekana madabodi ilibadilishwa.

Na hili limeandikwa! Fungua man dmidecode shuka mpaka sehemu ya BUGS, utakuta wanasema bila kuzunguka kwamba taarifa za kwenye jedwali hilo mara nyingi si sahihi, zina mapungufu au ni makosa matupu. Mimi naipenda sana sentensi hiyo. Mwongozo wa kwanza wa Unix uliotoka Novemba 1971 ulikuwa tayari na sehemu ya BUGS kwa kila amri, yaani tangu mwanzo walikubaliana kwamba kusema programu haiwezi nini ni sehemu ya kuieleza, na watunzaji wa dmidecode wameshikilia hapo. Watu wengi wanaotunza maelezo wanaogopa kuandika hivyo wakidhani wanajichafua, na matokeo yake muuzaji kama wewe unaachwa peke yako mbele ya mteja bila kitu cha kumuonyesha. Mwenzangu, siku nyingine mfungulie hiyo BUGS aisome mwenyewe.

Kwa RAM tumia sudo dmidecode -t 17 inakupa nafasi moja moja, ile tupu inaandika "No Module Installed", halafu linganisha na kilichomo kwa macho. Na lspci ikikuonyesha neno "Device" na namba tupu badala ya jina la kadi, hapo ni orodha ya majina, faili la pci.ids, ndilo la zamani kuliko kadi yenyewe, endesha sudo update-pciids ukiwa na intaneti.

SWALI: Habari. Kuandika ukurasa wa man kwa groff, mfumo wa kupangilia maandishi ya man, kunanishinda, manukta na mabackslash kila mahali. Kuna njia nyingine? *Msomaji, Kampala*

JIBU: Ipo. Andika kwa scdoc au asciidoctor, ni maandishi ya kawaida halafu yanageuzwa kuwa man. Watu wa util-linux, mkusanyiko wa amri za msingi za Linux ambao ndani yake mna lscpu na lsblk, walihamisha kurasa zao zote kwenda asciidoctor mwaka 2021, kwa hiyo huko hauko peke yako. Kuna help2man inayotengeneza ukurasa kutoka kwenye --help, inafaa kuanzia ila usiishie hapo kwa sababu itarudia yale yale ya --help na zile habari za betri na ruhusa nilizosema juu haitazijua. Ukimaliza pitisha kwenye mandoc -T lint ikuonyeshe makosa.

SWALI: Nilifuata somo moja mtandaoni likaniambia weka neofetch, ile programu ya kuonyesha taarifa za mfumo kwenye terminali. Fundi mwenzangu ananiambia imekufa. Kweli? *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Kweli, hazina yake (mahali kodi yake inapotunzwa) ilifungwa Aprili 2024, haipokei marekebisho tena, ingawa nakala uliyonayo itaendelea kufanya kazi. Wengi wamehamia fastfetch. Na wewe uliyeandika somo lolote kuhusu neofetch, rudi uweke mstari mmoja pale juu, watu bado wanalisoma.

SWALI: Asalaam aleikum. Tuko Zanzibar, tunafundisha vijana ufundi wa kompyuta, tunataka kutafsiri maelezo ya programu moja kama hizi kwa Kiswahili. Ila tunaogopa toleo la Kiingereza likibadilika letu litabaki nyuma. Tufanye au tuache? *Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Waaleikum salaam. Fanyeni, na hofu yenu ni ya kweli kabisa, tafsiri iliyochakaa inamdanganya kijana kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu anasoma kwa lugha yake na anaiamini.

Msikopi ukurasa mzima mkaanza kuuandika juu kwa juu. Tumieni po4a, inakata ukurasa wa Kiingereza vipande vipande na kuviweka kwenye faili la PO (faili la tafsiri, Kiingereza na nafasi ya Kiswahili chini yake), nyie mnatafsiri kipande kwa kipande. Kiingereza kikibadilika vile vipande vilivyoguswa vinawekewa alama, na kwa kawaida tafsiri ikishuka chini ya asilimia 80 po4a inakataa kutoa ukurasa. Msiilegeze hiyo asilimia, ndiyo inayowalinda vijana wenu.

Anzeni na programu yenye ukurasa mfupi. Ukurasa wa inxi ni mrefu mno, una ngazi za -x, -xx, -xxx na -a, kila moja inaongeza taarifa kwenye kila swichi, na programu yenyewe iliandikwa upya kwa Perl mwaka 2018 na tangu hapo haijatulia, mtachoka kabla ya kufika katikati. Na majina yanayotokea kwenye skrini yaacheni kama yalivyo, programu ikiandika "Serial" basi kwenye maelezo iwe "Serial" halafu muieleze kwa Kiswahili, maana kijana anatafuta kwenye ukurasa neno analoliona mbele yake.

Faili likiwa tayari linakaa /usr/share/man/sw/man1, au man8 kama ni amri za wasimamizi kama dmidecode, na man yenyewe italichagua kwa kuangalia lugha ya mfumo. Jaribuni kwa LANG=sw_TZ.UTF-8 man na jina la programu, likifunguka la Kiingereza endesheni locale -a, inayoorodhesha lugha zilizowashwa kwenye mfumo, muone kama sw_TZ (Kiswahili cha Tanzania) imo, mara nyingi haijawashwa, na kama kuna LC_ALL, mpangilio mwingine wa lugha, imewekwa itoeni maana inaifunika LANG.