Kwa wafamasia wapya: dawa ya sonona haitolewi kama Panadol

Wadogo zangu mliopangiwa Kigoma mwaka huu, karibuni. Mna mikono myepesi, foleni mnaimaliza upesi. Lakini nimewaangalia dirishani siku hizi chache na kuna jambo linaniuma: cheti cha amitriptilini, dawa ya sonona, mnakipitisha kwa kasi ileile ya cheti cha Panadol. "Kimoja usiku. Anayefuata!" Mwezi ujao mgonjwa haonekani, nasi tunaandika kwenye leja kwamba ameacha dawa, kana kwamba sisi hatukuwepo.

1. Mweleze mapema kwamba wiki za mwanzo ni ngumu. Madhara huanza siku za kwanza. Nafuu huja baada ya wiki 2 hadi 4, kwa wengine hata 6. Amitriptilini hukausha mdomo, hufunga choo na huleta usingizi mzito. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, huleta kichefuchefu na huweza kumnyima mtu usingizi. Usipomwambia, ataona kwamba jana alikuwa na huzuni na leo ana huzuni pamoja na kinywa kikavu. Kwa hesabu hiyo hata mimi ningeacha.

2. Muulize kazi yake, kisha muulize analala saa ngapi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tulipoumia.

Alikuja kijana mvuvi wa dagaa. Cheti kilisema usiku, nasi tukaandika "usiku" kwenye bahasha bila kumuuliza lolote. Mtu wa dagaa usiku yuko ziwani! Taa zinawashwa, nyavu zinashushwa, analala jua likishachomoza. Yule kijana alikuwa mtiifu kuliko wagonjwa wengi: alimeza kidonge jua likizama, akapanda mtumbwi. Wenzake wakivuta wavu yeye anasinzia, mpaka usiku mmoja wakamdaka ukosi akiinamia maji. Nahodha akamwambia achague, dawa au mtumbwi. Ana mama na wadogo zake wanaomtegemea, mnajua alichochagua.

Hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Tulikuja kuambiwa na mama yake aliyefika kuchukua dawa yake ya presha. "Mwanangu, ile dawa yenu ilitaka kumzamisha," alisema, bila hasira, na hilo likatuchoma zaidi. Wakati huo kijana hata ziwani alikuwa haendi tena. Alikuwa amejifungia chumbani, chakula kinarudi kama kilivyoingia. Wiki zote alizokwisha kuvumilia zilipotea. Tulimpeleka kwa tabibu, akaandikiwa fluoksetini ya kumeza anapoamka, akaanza kusubiri upya. Kosa lilikuwa letu, aliyelilipia ni yeye.

Tangu hapo naandika "kabla ya kulala", halafu namuuliza mgonjwa mwenyewe hiyo ni saa ngapi. Na wavuvi nawapangia tarehe ya kurudi wakati wa mbalamwezi, wanapokuwa nchi kavu. Ukimpa tarehe ya giza umempa tarehe ya kutokuja.

3. Akipata nafuu ndipo mshike zaidi. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya akili, toleo la 2016, unataka akae miezi 9 hadi 12 bila dalili kabla ya kufikiria kuacha, na dozi ipunguzwe taratibu kwa wiki 4 au zaidi. Atakuuliza kama atakuwa teja. Mjibu bila kuzunguka: hapana, hizi hazimfanyi mtu teja, ila ukikata ghafla utapata kizunguzungu na mwili kukosa raha, ndiyo maana tunashuka polepole.

4. Shusheni sauti, jamani! Dirisha letu lina foleni nyuma yake, na Kigoma watu wanajuana. Nilimsikia mmoja wenu akiita, "Nani wa dawa za akili?" Dada mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi alisimama, akajitanda khanga, akatoka nje. Nilimkuta getini. Aliniambia, "Kaka, nitamtuma mtoto," na mtoto huwezi kumweleza habari za madhara. Iteni jina tu, maelezo mkayatoe kule pembeni penye kiti.

5. Ulizeni kuhusu pombe na tramadoli, ile dawa kali ya maumivu. Anayekunywa gongo juu ya amitriptilini anaweza kulala usingizi wa hatari, na tramadoli pamoja na fluoksetini zinahitaji mumpigie tabibu kwanza. Na za mganga ulizeni pia, kwa heshima, maana ukimcheka hatakutajia tena.

6. Amitriptilini nyingi kwa mkupuo huua, inavuruga moyo. Kwa hiyo anayezungumzia kufa, au anayekuaga kwa namna isiyo ya kawaida, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, mwite tabibu, na dawa zitolewe chache chache zikae kwa ndugu. Najua mgonjwa wa Kalya, kijiji cha mbali kando ya ziwa, anasafiri kwa boti na anaomba za miezi miwili. Nauli yake inaniuma, lakini katika hali hiyo hapewi.

7. Chukueni namba za simu. Mgonjwa akifika wiki ya pili bila kusikia sauti ya mtu, hapo ndipo anapotupa dawa. Daftari liko kwenye droo chini ya leja ya dawa za presha, majina ya wiki hii nimeyapigia mstari. Kesho asubuhi kabla ya foleni kuanza tutawapigia. Ninyi mtaongea, mimi nitakaa pembeni nisikilize.