Akteri mpya katikati ya seri: asikae kwenye kiti cha marehemu

Mukubwa, nimesoma swali lako: hadithi yako ya vyombo vya anga watu wanaifuata tangu zamani, kapiteni wao umeshamuua, sasa unataka kuingiza mwanajeshi wa kutoka Mars awe akteri mkuu na unaogopa watakutukana. Watakutukana, hiyo zoea tu. Mie niko Goma, naandikaka hadithi ya sehemu-sehemu kwenye grupe ya WhatsApp, mambo yanapitia mwaka 2090 kwenye kituo cha gazi juu ya ziwa Kivu, na mtu mpya nilishamuingiza katikati, basi nakuambia vile naona.

Kitu yenye inaua akteri mpya ni kiti. Mtu anaondoka, unaleta mwingine afanye kazi ileile, acheke na watu walewale, wasomaji watampima na yule wa zamani kila siku na hatashinda hata umpambe namna gani. Angalia Stargate SG-1, seri ya televisheni, Daniel Jackson, mtaalamu wa timu, alitoka, sezoni ya 6 mwaka 2002 wakaleta Jonas Quinn, kijana ana akili, mpole, kicheko usoni, lakini wakamkalisha palepale pa Daniel, na tena Daniel alikufa akiokoa watu wa sayari ya huyo huyo Jonas! Ni kama ufike kwenye matanga ukute mtu ameshavaa viatu vya marehemu. Mwaka uliofuata Daniel akarudi, Jonas akaenda kwao. Mie nilimpenda Jonas, lakini sikushangaa.

Sasa Star Trek Voyager, seri ingine ya vyombo vya anga, 1997. Kes, mmoja wa watu wa chombo, anaondoka mwanzoni mwa sezoni ya 4, na hawakutafuta Kes mwingine. Wakaleta Seven of Nine, binadamu mwenye Borg, wale viumbe nusu mashine wenye akili moja ya pamoja, walimchukua akiwa mtoto mdogo, yaani anatoka kwa adui mwenye anaogopwa kuliko wote, na hakuomba kuja, kapiteni Janeway ndiye alimkata na wenzake bila kumuuliza. Hapo seri ikapata swali yenye haikuwa nayo mbele, unaweza kumfungua mtu mwenye anakulilia umrudishe kifungoni? Na uzito wa hilo swali unamwangukia Janeway, akteri wa zamani, sasa ana kazi mpya, hasira mpya, hata makosa mapya. Kuna wenye wanasema watu walifuata ile nguo ya kubana tu. Nguo inakuletea watu wiki mbili, haiwezi kuwaweka mpaka 2001, seri ilipoisha.

Worf vilevile, yule Klingon wa Star Trek ingine, alipohamia seri ya Deep Space Nine mwaka 1995 watu walikuwa wanamjua tayari, lakini alifika siku zilezile watu wa kabila lake wanaanzisha vita, kwa hiyo hakuna mwenye alipata nafasi ya kuuliza huyu anafanya nini hapa.

Kwangu, mzee mwenye alikuwa anaongoza kituo alikufa, na sikuleta kiongozi. Nilileta Zawadi, mkaguzi kutoka Bukavu, anashuka kwenye boti na barua ya kufunga kituo. Unajua ile gazi namna inatolewa, maji yanavutwa kutoka chini zaidi ya mita 300, yakipanda gazi inajitoa yenyewe kama povu, kisha yale maji lazima yarudishwe chini, na ukiyarudisha juu sana unavuruga matabaka ya maji yenye yanaifunga gazi yote chini, na ikitoka kwa mara moja inaua watu. Watu wangu wa kituo walikuwa wanayaachia juu juu ili kupunguza gharama. Hilo lilikuwa ndani ya hadithi tangu zamani, lakini hakuna mwenye alikuwa na sababu ya kulisema, juu wote wanakula pale. Zawadi hali pale. Na wasomaji wa Goma sihitaji kuwaeleza woga huo, mwezi wa tano 2021 baada ya volkano Nyiragongo kulipuka tuliambiwa tuhame, wengine wakaenda Sake na magodoro kichwani, na mazungumzo ya njiani yalikuwa moto chini ya ziwa na gazi.

Walimchukia, weee. Audio zilifika usiku, wengine wananiambia mwanamke wa Bukavu anakuja kutufundisha ziwa letu (tunajua hiyo ugomvi). Nikaacha. Mtu akichukiwa, watu wanabishana juu yake. Jihadhari na ile kimya, yenye mtu anauliza "huyu Zawadi ni nani tena?" Na nilikataa kitu kimoja kabisa, hakuna mtu wa zamani kumsifu, hata mara moja. Ukiona fundi wako wa zamani anasema "kumbe huyu anajua kuliko sisi", futa, juu hapo ni wewe mwandishi unaomba kura. Fundi wangu alimnyima funguo za chumba cha pampu sehemu nyingi mfululizo, na mwisho akampa kwa kukasirika, bila kusema asante.

Sasa mwanajeshi wako. Umetuambia anapiga risasi vizuri na ana kovu usoni, sawa, lakini siku kapiteni anakufa yeye alikuwa wapi, na nani ndani ya chombo anajua? Jibu hiyo kabla hujaandika sehemu yake ya kwanza, na usimpe chumba cha kapiteni. Mpe kitanda kwenye stoo.