Moshi hadi Lamu na watoto: laleni Mombasa

Mara ya kwanza tulipowapeleka watoto Maulidi ya Lamu, hesabu yetu ilikuwa ya nauli tu. Tuliondoka stendi ya Moshi asubuhi, mpakani tukakawia, Mombasa tukaingia saa nne usiku, na saa kumi na moja alfajiri tukawa kituoni tena na mabegi yetu. Lamu tulifika mchana. Watoto waliona bahari, wakaona punda, wakagoma kulala. Ilipoadhiniwa isha wote watatu walikuwa hoi na mdogo ana homa. Baba yao akaenda msikiti wa Riyadha, Maulidi yanakosomwa, peke yake. Mimi nilibaki chumbani nasikiliza matari kupitia dirishani, na machozi yalinitoka.

Mara ya pili tulibadilisha jambo moja: tulilala Mombasa kwa wifi yangu usiku mbili. Moshi hadi Mombasa ni kilomita zipatazo 300, na kutoka hapo hadi Lamu ni nyingine zaidi ya hizo. Mtu mzima anazimaliza akisinzia, lakini mtoto wa miaka minne kila kilomita anaihisi mwilini. Kama huna ndugu Mombasa, lipia chumba. Punguza zawadi, punguza nguo mpya, lakini hicho chumba usikipunguze.

Kabla ya yote, pata tarehe sahihi. Maulidi ya Lamu huwa ndani ya Mfungo Sita, yaani mwezi wa Kiislamu wa Rabiul-awwal, na kilele chake kwa kawaida ni Alhamisi ya mwisho ya mwezi. Kwa kalenda ya ukutani mwezi huo husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo tarehe ya mwaka jana haikufai kitu. Ukishaijua, tafuta malazi mapema sana, maana wageni hutoka pwani yote hii, Tanzania tukiwemo, na mji ni mdogo.

Mpaka wa Holili (Tanzania) na Taveta (Kenya) siku hizi ni wa kituo kimoja: ukienda unashughulikiwa na pande zote mbili ukiwa Taveta, ukirudi ukiwa Holili. Kila mtoto awe na hati yake ya kusafiria, na kadi za chanjo ya homa ya manjano ziwe pamoja nazo. Ziweke kwenye mkoba wako wa begani, zisiingie kwenye buti la basi. Utazihitaji tena mbali huko mbele, baada ya mji wa Garsen kwenye barabara ya Lamu, ambako polisi husimamisha mabasi na abiria hushuka kukaguliwa. Wiki ya safari, uliza hali ya barabara hiyo kwa watu wanaoipita, na jibu lao ulifuate hata kama umeshakata tiketi.

Siku yenyewe ya Lamu ihesabu kuanzia isha ukirudi nyuma. Isha mko uwanjani Riyadha. Kabla yake, mtoto awe ameoga na kula. Kabla ya hapo awe amelala kwa muda wa saa mbili kamili, mapazia yamefungwa, hata akilia. Basi ni lazima mfike mchana, na ili mfike mchana mpande gari la kwanza la alfajiri. Ndani ya basi tulibeba mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu na maji. Mkubwa nilimpa kazi ya kusubiri mito: Sabaki ukitoka Malindi, kisha Tana pale Garsen. Alikaa macho kama konda.

Basi linaishia Mokowe, gati ya upande wa bara, mnavuka kwa boti. Mjini hakuna njia ya magari, mzigo unabebwa na punda au mabegani, kwa hiyo begi ambalo huwezi kulibeba wewe mwenyewe liache Moshi.

Tulipokuwa tunapanda kutoka gatini, bibi mmoja aliyeketi barazani alimwita mwanangu wa kati: "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Mtoto akaanza kuangaza huku na huku akitafuta ndoo ya maji. Kwa Kiamu, yaani Kiswahili cha Lamu, ndoo ni njoo, na ndia ni njia. Bibi alimpa hamri, akamfundisha na mato, yaani macho. Waambieni watoto mapema kwamba watasikia Kiswahili kingine, nacho ni kizee kuliko chetu. Wangu walirudi nacho Majengo, kwetu Moshi, wakakitumia mwezi mzima.

Usiku ule tulitoka sote, kanzu zimepigwa pasi kwa wifi, binti na buibui lake. Riyadha ni msikiti wa Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija, visiwa vya Komoro, akaufanya Lamu kuwa mji wa kusomwa Maulidi. Wanaume husimama safu wakiyumba pamoja na matari, wanawake tuna upande wetu. Chagueni pa kukaa karibu na njia ya kutokea, na mkubaliane mahali pa kukutana, kwa sababu baba na wavulana mtawapoteza.

Mdogo alivumilia hadi karibu saa tano, akalala mapajani mwangu. Mama niliyekaa naye bega kwa bega, sikumjua wala hakunijua, alivua mtandio wake wa juu akamfunika miguu, akaendelea kuitikia.