Kujifunza uhimilishaji wa ng'ombe ukiwa Lindi na Mtwara

Ndugu uliyeuliza kutoka Nachingwea kama mafunzo ya uhimilishaji (kumtia ng'ombe mbegu bila kupandwa na dume) yanamfaa kijana mwenye cheti cha mifugo, na kama mkono huchelewa kuzoea: kazi hii nimeifanya Masasi na huko huko kwenu, kwa wafugaji wa ng'ombe wawili watatu wa maziwa na kwa wachungaji wenye makundi makubwa. Jibu langu ni kwamba yanafaa sana, lakini usiyapime kwa mkono peke yake. Kinachoamua zaidi kama ng'ombe atashika mimba ni kulijua joto, yaani wakati ng'ombe anapotaka dume, na kuitunza mbegu, na hayo ndiyo wanafunzi wengi huyapita haraka wakikimbilia kuingiza chuma, yaani bomba jembamba la kupitishia mbegu.

Kuhusu mkono nitasema kwa ufupi. Mafunzo yanatolewa na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji (NAIC) kilichopo Usa River, Arusha. Ni vizuri kuanza na vizazi (mifuko ya uzazi) vya ng'ombe vilivyotoka machinjioni, ukivishika mezani huku unaviona, kabla ya kuvipapasa kwa ng'ombe aliye hai. Mkono wa kushoto huingia kupitia puru na kuikamata shingo ya kizazi, na wa kulia huingiza chuma ukeni kikiwa kimeelekezwa juu kidogo ili kisiteleze kwenye tundu la mkojo. Shingo ile ina pete ngumu tatu au nne. Usikisukume chuma kwa nguvu. Isogeze shingo ikifuate chuma, na ukishavuka pete ya mwisho, mimina mbegu taratibu hapo hapo kwenye mwili wa kizazi.

Sasa joto. Ng'ombe hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na dalili ya kuaminika kuliko zote ni kusimama akitulia anapopandwa na wenzake. Ute mwangavu unaovutika, kelele na kupungua kwa maziwa ni dalili za kusaidia tu. Yai hutoka saa 10 hadi 12 hivi baada ya joto kwisha, ndiyo maana aliyeonekana asubuhi huhimilishwa jioni, na wa jioni huhimilishwa kesho yake asubuhi. Ugumu wa huku kwetu ni kwamba ng'ombe wetu wa asili joto lao ni fupi na mara nyingi huja usiku, wakati mwenye ng'ombe amelala, na msimu wa korosho ukifika watu wote wako shambani tangu alfajiri. Kwa hiyo mfundishe mama mwenye zizi na watoto wanaopeleka majani, kwa sababu wao ndio wanaomwona ng'ombe. Ukipigiwa simu kwamba ng'ombe anatoa damu, fahamu kwamba joto limekwisha siku mbili tatu zilizopita. Mwambie mfugaji ahesabu kuelekea joto lijalo, na usichukue fedha yake kwa kuhimilisha siku hiyo.

Mbegu hukaa kwenye mirija midogo, ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi joto 196 chini ya sifuri, na naitrojeni hiyo hupungua kila siku hata mtungi usipofunguliwa. NAIC ina kituo cha kanda hapa Lindi, lakini kutoka Lindi hadi Newala au Liwale ni safari, hivyo pima kina kwa kijiti kila wiki na uagize mapema kabla hakijashuka. Mrija mmoja ukitafutwa, mingine isipandishwe juu ya shingo ya mtungi. Yeyusha mrija kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hadi 45, ukaushe vizuri, ukinge jua, uutumie papo hapo, na uliokwisha kuyeyuka usirudishwe kamwe. Ukisafirisha mtungi kwenye gari fungua madirisha, maana mvuke wa naitrojeni hufukuza hewa tunayovuta na unaweza kuua.

Kuhusu mbegu ya kuchagua, wafugaji watakuomba Friziani kwa sababu ya maziwa. Mimi huwashauri wasikimbilie damu nyingi ya kizungu: hali ya hewa ya joto ya pwani, ugonjwa wa ndigana unaoletwa na kupe, na ule wa ndorobo unaoletwa na mbung'o humdhoofisha ng'ombe huyo haraka, hasa pale ambapo maji na majani ya kiangazi ni ya shida. Chotara wa nusu kwa nusu anayeogeshwa dawa ya kupe vizuri hunitosheleza. Mtamba (ng'ombe jike ambaye hajazaa) mdogo wa asili mpe mbegu ya Jezi, kwa kuwa ndama wake ni mdogo na uzazi huwa mwepesi.

Andika namba ya ng'ombe, tarehe na dume aliyetumika, na umwachie mfugaji nakala. Akae macho siku ya 18 hadi ya 24. Ng'ombe asiporudi kwenye joto, mpime mimba kwa mkono baada ya miezi miwili au mitatu, kwa sababu kutoonekana kwa joto peke yake hakutoshi kumwambia mfugaji kwamba ng'ombe wake ana mimba.