Jibu: Moyo unakwenda mbio usiku, vipimo havionyeshi kitu

Pole dada. Umesema moyo unadunda usiku, vidole vinakufa ganzi, malaria na presha umepimwa hakuna kitu, na shangazi anasema umerogwa.

Mimi yalinikuta ndani ya daladala nikielekea Mwanjelwa, hapa Mbeya. Baridi ya Julai, watu wamejifunika vitenge, mimi jasho linanitoka kama niko kwenye joto la Kyela. Nikajua nakufa. Nafika stendi, kimeshaisha. Shambulio la hofu ndivyo lilivyo: hupanda ndani ya dakika chache, kisha hushuka lenyewe. Ganzi huletwa na kuhema harakaharaka.

Wasiwasi wa ada au wa mvua hupita. Ukikukalia siku nyingi kwa miezi 6, usingizi hakuna, misuli imekaza, huo ni ugonjwa, na una tiba. Ila usisubiri miezi ikiwa umeshaanza kukwepa soko au kanisa. Omba rufaa ya afya ya akili, na wakupime damu na homoni za tezi ya shingo. Tezi hiyo ikizidisha kazi huleta mambo hayohayo. Kahawa punguza, hata kama shemeji ni mtu wa Mbozi wanakolima kahawa.

Kifua kikibana bila kuachia, au ukiwaza kujidhuru, nenda hospitali saa hiyohiyo, na usiende peke yako.