Ukimtafuta babu Mholanzi, anza na ndoa yake

Wengi wakitaka kujua habari za babu au bibi Mholanzi hukimbilia cheti cha kuzaliwa. Mimi nakushauri uanze na ndoa. Nilipowatafutia watoto wangu wazee wa upande wa baba yao, watu wa Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, cheti cha ndoa ndicho kilichofungua njia.

Serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo katika sehemu kubwa ya Uholanzi mwaka 1811, enzi za Napoleon. Cheti cha ndoa kinataja umri, kazi na mahali walipozaliwa maharusi, pamoja na wazazi wa pande zote mbili. Mke naye huandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake, kwa hiyo ukoo wa bibi haupotei. Tafuta jina kwenye tovuti za WieWasWie au Open Archives, huhitaji kulipa.

Ukishakipata, usiishie hapo. Tafuta viambatisho vyake, huwelijksbijlagen: nakala za vyeti vya kuzaliwa, vya vifo vya wazazi waliotangulia, na hati ya jeshi ya bwana harusi. Vingi vimepigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti ya FamilySearch. Babu yetu alikuwa kibarua wa shamba, na sura yake hakuna aliyeijua. Lakini kwenye hati ya jeshi karani aliandika urefu wake, uso, paji, macho, pua, kidevu, hata rangi ya nywele. Niliisoma nikalia. Maskini walileta pia hati ya ufukara ili wasamehewe ada, nayo inakueleza hali ya nyumba kuliko simulizi yoyote.

Umri ulio kwenye cheti cha kifo uchukue kwa tahadhari, maana mara nyingi aliyetoa taarifa ni jirani tu. Kujua walikohamia, fuata daftari za wakazi zilizoanza 1850.

Kabla ya 1811 utategemea vitabu vya ubatizo vya kanisa. Huko kaskazini wengi hawakuwa na jina la ukoo. Jan mwana wa Pieter aliitwa Jan Pieters, na kijiji kimoja kingeweza kuwa na kadhaa. Atakayekutofautishia ni jina la mke.

Kwa watu wa karibuni, kumbukumbu za vizazi hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 100, za ndoa 75, za vifo 50. Aliyefariki kati ya 1939 na 1994, agiza kadi yake ya taarifa binafsi, persoonskaart, kutoka CBG, kituo cha historia ya familia mjini The Hague. Hiyo inalipiwa.