Kumkasirikia Mungu baada ya msiba

Ndugu yangu, umesema tangu umzike mama, ukipiga magoti maneno hayatoki, na unaogopa kwamba hasira yako kwa Mungu ni dhambi. Pole sana. Nilipofiwa na mwanangu, Biblia yangu ilikaa kando ya kitanda karibu mwaka mzima, jalada limeshika vumbi.

Kilichonisaidia ni kuacha kutafuta maneno mazuri. Fungua Zaburi ya 88: ni kilio karibu mwanzo hadi mwisho, na inaishia gizani. Bado imo kwenye Maandiko! Isome kwa sauti, taratibu, kisha useme yako vilevile, hata kama ni "mbona umeninyamazia?" tu. Kuna usiku niliishia kulia, na kwangu ile ilikuwa sala.

Ibadani nenda, hata ukae kiti cha nyuma, wengine wakuimbie. Mtafute mmoja anayejua kusikiliza. Anayekuambia imani yako ni haba, mwepuke kwa sasa.

Ila kama hulali, huli, au unawaza kujidhuru, mwone daktari au mshauri nasaha leo hii, usingoje. Kutibiwa si kukosa imani.